Kutoka bodi ya shule hadi Sacramento: safari ya Shirley Weber, na ya bintiye

Neno "jimbo" hututega. Mtu wa Tanzania akisikia "mbunge wa jimbo" hana shaka: ni yule aliyechaguliwa na watu wa Ukerewe au Kibamba akawasemee Dodoma. Mkenya angesema eneo bunge, na maana ingekuwa ileile. Habari ikitoka Marekani, jimbo ni California au Texas, na mbunge wa bunge la jimbo haendi Washington hata kidogo. Hapigi kura juu ya vita wala viza wala misaada kwa nchi za nje. Wa California hukaa Sacramento, na kazi yake ni sheria ambazo mkazi hukutana nazo akitoka tu mlangoni: polisi atumie bastola lini, mwalimu aajiriwe na kufukuzwa vipi, shule ipate fedha kiasi gani, kura ipigwe kwa njia ipi. Bunge hilo linatungia sheria watu wapatao milioni 39. Kuliita bunge dogo ni kupotoka.

Kwa hiyo humu ndani jimbo ni jimbo la Kimarekani, na sehemu anayochaguliwa mbunge nitaiita eneo la uchaguzi.

Mtego wa pili ni ngazi. Tumezoea kuwaza hivi: mtu anaanza uenyekiti wa mtaa, anapanda udiwani, anapanda ubunge, akibahatika anapewa uwaziri. Kila hatua ni kubwa kuliko iliyotangulia, na anayebaki udiwani miaka 20 tunamhurumia kimoyomoyo. Tukisoma kwamba mbunge fulani wa California alianzia serikali za mitaa, tunaona ngazi hiyohiyo. Mimi naona picha hiyo inaficha jambo kubwa. Anayetoka serikali za mitaa kwenda bunge la jimbo huko Marekani mara nyingi anaufuata ufunguo. Amekaa miaka mbele ya mlango uliofungwa, kisha akagundua kwamba kitasa kipo mlangoni lakini ufunguo uko Sacramento. Sijaona maisha ya siasa yanayoonyesha hili vizuri kama ya Shirley Weber wa San Diego.

Weber alizaliwa mwaka 1948 katika mji mdogo wa Hope, Arkansas, kwa watu waliolima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Baba yake aliikimbia Arkansas baada ya kundi la wazungu kutishia kumuua, na familia ikahamia Los Angeles, ambako Shirley alikulia katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alikuwa ameshapita miaka 30 ndipo akaweza kupiga kura, na babu yake alikufa bila kuipiga hata moja. Huko Los Angeles sebule yao ikawa kituo cha kupigia kura cha mtaa. Majirani waliingia na kutoka kwenye nyumba ya mtu ambaye Arkansas asingethubutu kusogelea sanduku.

Alisoma Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mpaka udaktari wa falsafa, na akiwa na miaka 23 tu akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego. Huko alisaidia kuijenga idara ya masomo ya Afrika na watu wenye asili ya Afrika, akadumu takriban miaka 40. Mwaka 1988 akagombea bodi ya shule ya San Diego na kushinda.

Bodi ya shule ya Marekani si kamati ya wazazi inayokutana juu ya madawati na chakula cha mchana. Ni serikali kamili ya aina yake. Serikali za mitaa za huko hazikupangwa kama mti wenye shina moja. California ina kaunti 58, majiji na miji zaidi ya 480, na wilaya za shule zinazokaribia 1,000, kila moja ikiwa na mipaka yake, bajeti yake na viongozi wake wa kuchaguliwa. Meya hana amri juu ya shule. Mtu mmoja aliyekaa nyumba moja anaweza kuwapigia kura watu wa jiji, wa kaunti, wa wilaya ya shule na hata wa wilaya ya maji, na hakuna kati yao aliye bosi wa mwenzake. Wilaya ya shule ya San Diego ndiyo ya pili kwa ukubwa California, baada ya Los Angeles. Bodi yake ina wajumbe watano. Hao ndio wanaomwajiri mkuu wa shule zote, wanaopitisha bajeti, wanaokabiliana na chama cha walimu.

Namna walivyochaguliwa wakati ule nayo inafaa kuelezwa. Mgombea alianzia kura ya mchujo katika sehemu yake ya jiji, kisha wawili waliobaki wakapigiwa kura na wilaya nzima. Mwanamke mweusi akishinda kusini mashariki mwa San Diego, wanakoishi wengi wa watu wake, bado hajapata kitu. Lazima akawashawishi pia wazungu wa pwani wasiomjua. Weber alifanya hivyo 1988, akarudia, na akakaa mpaka 1996, kwa muda akiwa rais wa bodi. Katika miaka hiyo wilaya ilimpata Bertha Pendleton, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa shule za San Diego. Katika miaka hiyohiyo madarasa ya mtaa wa City Heights yalianza kujaa watoto wa wakimbizi kutoka Somalia. Na mwezi wa pili mwaka 1996 walimu wakagoma kwa wiki nzima.

Fedha ndizo zilizoubana mkono wa kila mjumbe wa bodi, awe hodari kiasi gani. Zamani shule za California ziliishi kwa kodi ya majengo iliyopangwa palepale zilipo. Mwezi wa sita mwaka 1978 wapiga kura wa jimbo walipitisha Pendekezo la 13. Kodi ya majengo isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mapato ya kodi hiyo yakaanguka kwa zaidi ya nusu. Jimbo likaingia kuziba pengo, na anayeziba pengo ndiye anayepanga masharti. Kuanzia hapo mjumbe wa bodi alichaguliwa na wazazi, akalaumiwa na wazazi, lakini pato la shule zake lilipangwa na watu walioko mbali, kilomita zaidi ya 800 kaskazini.

Ajira ya walimu nayo ni hivyohivyo. Kwa sheria ya jimbo, mwalimu mpya huwa wa kudumu baada ya miaka miwili, na bodi ikitaka kumwacha lazima imwarifu kabla ya nusu ya mwezi wa tatu wa mwaka wa pili. Hesabu mwenyewe. Bodi inaamua ajira ya maisha ya mtu aliyesimama darasani mwaka mmoja na nusu. Bodi inaona hilo ni baya, wazazi wanaona hilo ni baya, na bodi haina la kufanya.

Nimekaa juu ya bodi hii kwa sababu karibu kila vita aliyoipigana Weber baadaye ilizaliwa pale.

Alipotoka kwenye bodi hakupanda popote, na hapo ndipo ile picha ya ngazi inapovunjika. Alirudi darasani. Akaongoza tume ya jiji ya usawa wa fursa, akafundisha, akastaafu. Miaka 16 ilipita. Mwaka 2012, akiwa na miaka 64, umri ambao wengi wanahesabu wajukuu, akagombea kiti cha baraza la chini la bunge la California katika eneo la uchaguzi la 79.

Bunge hilo lina mabaraza mawili: la chini lenye wajumbe 80, na seneti yenye wajumbe 40. Gawanya wakazi wa California kwa viti hivyo upate picha: mjumbe wa baraza la chini anawakilisha karibu watu 490,000, na seneta wa jimbo karibu milioni moja. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi huko Washington anawakilisha watu wapatao 760,000. Kwa maneno mengine, seneta wa California, ambaye jina lake halijulikani hata Nevada jirani, ana wapiga kura wengi kuliko mheshimiwa tunayemwona kwenye televisheni akizungumzia habari za dunia. Si majimbo yote yaliyo hivyo. New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki, ina wawakilishi 400, kila mmoja akilipwa dola 100 kwa mwaka. Wa California hulipwa zaidi ya dola 120,000, kwa sababu kazi yao ni ya mwaka mzima.

Weber aliingia wakati kanuni zikibadilika. Mwaka 2010 wapiga kura walikubali mchujo wa pamoja: wagombea wa vyama vyote wanapigiwa kura kwenye karatasi moja, na wawili wa kwanza wanaingia fainali, hata wakiwa wa chama kimoja. Kanuni hiyo ilitumika 2012. Weber, wa chama cha Democratic, alikutana katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja na Mary England wa chama cha Republican, akamshinda. Mwaka huohuo kanuni ya ukomo nayo ilibadilika. Tangu 1990 mjumbe aliruhusiwa miaka sita tu baraza la chini na minane seneti, kwa hiyo kila mtu aliingia akiwa na jicho kwenye mlango wa kutokea. Kanuni mpya iliruhusu miaka 12 kwa jumla, hata yote katika baraza moja. Walioingia mwaka ule walipata anasa ambayo waliowatangulia hawakuwa nayo, yaani muda wa kushindwa na kurudi.

Na Weber alishindwa mara nyingi. Naandika hivyo kwa heshima.

Chukua ajira ya walimu. Mwaka 2017 aliwasilisha muswada wa kuongeza mwaka wa tatu wa majaribio kabla mwalimu hajawa wa kudumu. Hapo anasema mjumbe wa bodi wa 1988, si mbunge wa 2017. Lakini chama cha walimu ni miongoni mwa nguvu kubwa za chama cha Democratic, na yeye alikuwa wa Democratic. Muswada ulipita baraza la chini, ukakwama seneti, haukufika mezani kwa gavana.

Wenye mabunge ya kishindo huenda wakashangaa jinsi muswada unavyokufa California. Haufi kwa kelele. Kila muswada wenye gharama hupelekwa kamati ya matumizi ya fedha, na ukizidi kiwango fulani unawekwa kwenye faili la kusubiri. Mara mbili kwa mwaka mwenyekiti anasoma orodha, mamia ya miswada kwa saa chache: huu unapita, huu unapita na marekebisho, huu unabaki. Hakuna mjadala, hakuna sababu inayotolewa, hakuna mjumbe anayenaswa kwenye kumbukumbu akisema hapana. Aliyetoka halmashauri, ambako wakazi hupanga foleni kwenye kipaza sauti na kila kura inahesabiwa mbele yao, anajikuta mahali ambapo uamuzi ulishafanyika kabla hajaketi. Wengi walionawiri kwenye bodi hunyauka hapa.

Fedha za shule ni habari ndefu zaidi, na kwangu ndiyo inayofundisha. Mwaka 2013 gavana Jerry Brown alibadili mgao: kila wilaya ya shule ipate fungu la msingi kwa kila mwanafunzi, na nyongeza kwa watoto wa makundi matatu, yaani maskini, wanaojifunza Kiingereza, na wanaolelewa chini ya serikali. Mpango mzuri, na wengi waliupongeza. Weber aliangalia matokeo ya mitihani akaona kundi lililokuwa chini kuliko yote, wanafunzi weusi, ambao baadhi yao hawakuwa maskini, wala hawakuhitaji kufundishwa Kiingereza, wala hawakuwa yatima wa serikali. Hao hawakuleta nyongeza yoyote.

Kwa nini asiseme tu kwamba wanafunzi weusi nao waongezwe? Kwa sababu mwaka 1996, mwaka uleule alioondoka kwenye bodi, wapiga kura walipitisha Pendekezo la 209, linalokataza serikali ya jimbo na mashirika yake kumpendelea mtu kwa rangi au jinsia katika elimu, ajira na zabuni. Hilo limo ndani ya katiba ya jimbo. Mwaka 2018 Weber akatafuta njia ya kupenya: muswada wake uliongeza nyongeza kwa "kundi lenye alama za chini kuliko yote" ambalo halijapewa nyongeza, bila kutaja rangi. Wanasheria wakauliza kama maneno hayo hayakuwa rangi iliyovikwa kanzu. Mwishowe aliuondoa muswada mwenyewe, na badala yake bajeti ya mwaka ule ikatenga dola milioni 300 kwa wanafunzi wenye alama za chini, mara moja tu.

Ushindi huo? Mhasibu wa shule angekwambia fedha za mara moja haziajiri mwalimu, maana mwakani mshahara utatoka wapi? Lakini angalia pia alikokuwa amekaa. Alishawahi kuongoza kamati ya bajeti ya baraza la chini, ambamo hupita zaidi ya dola bilioni 100 kila mwaka. Muswada unapigiwa kelele na kushtakiwa mahakamani. Bajeti hupita kimya kila mwezi wa sita. Mjumbe wa bodi aliyewahi kuchambua bajeti ya shule mstari kwa mstari anajua fedha hujificha wapi.

Mwaka 2020 alijaribu kulivunja lile Pendekezo la 209 lenyewe. Bunge likakubali, likawapelekea wananchi. Wananchi wa California, jimbo linalosifiwa kuwa la mrengo wa kushoto, walikataa kwa takriban asilimia 57.

Muswada wake uliovuma dunia nzima haukuhusu shule. Tarehe 18 Machi 2018, polisi wawili wa Sacramento walimfukuza kijana mweusi wa miaka 22, Stephon Clark, hadi uani kwa bibi yake, wakafyatua risasi 20. Alikuwa ameshika simu. Sheria ya California juu ya polisi kuua ilikuwa ya mwaka 1872, na kipimo kilichotumika mahakamani kilikuwa hiki: je, polisi mwingine katika hali ile angeona ni jambo la busara? Weber alitaka kipimo kiwe kingine: je, ilikuwa lazima? Neno moja tu, lakini kati ya busara na lazima ndimo walimozikwa watu.

Jaribio la kwanza, 2018, lilikufa. Alirudi mwaka uliofuata na muswada namba 392. Vyama vya polisi vilipinga kwa fedha na kwa nguvu, vikatoa muswada mwenzake wa mafunzo. Mwezi wa tano, baada ya mazungumzo marefu, maandishi yakabadilika: tafsiri ya kina ya neno "lazima" iliondolewa, na sharti kwamba polisi lazima kwanza amalize njia zote za kutuliza hali likalegezwa. Neno lenyewe lilibaki. Polisi wakaacha kupinga. Baraza la chini likapitisha kwa kura 67 kwa sifuri, seneti 34 kwa 3, na gavana Gavin Newsom akatia saini tarehe 19 Agosti 2019.

Harakati ya Black Lives Matter, inayopinga polisi kuua watu weusi na iliyouunga mkono muswada tangu mwanzo, ilijitoa baada ya marekebisho hayo. Waliona samaki ameletwa mezani bila nyama. Nawaelewa, na bado nadhani Weber alihesabu sawa. Katika bunge ambalo muswada unaweza kufa bila mtu kunyanyua mkono, kupata neno "lazima" ndani ya kitabu cha sheria kwa kura 67 kwa sifuri si jambo la kubeza, kwa sababu kesho jaji ndiye atakayelipatia maana. Wenzangu wengi hawakubaliani nami hapa.

Mwaka 2020 alifanikisha jingine, muswada namba 3121, uliounda jopo la watu tisa kuchunguza utumwa na madhara yake na kupendekeza fidia, la kwanza kuundwa na jimbo lolote la Marekani. Ripoti yake ya 2023 ina kurasa zaidi ya 1,000.

Kisha viti vikaanza kusogea. Kamala Harris alipochaguliwa makamu wa rais, kiti chake cha useneta Washington kikabaki wazi. Gavana akampa Alex Padilla, aliyekuwa Katibu wa Jimbo. Kiti cha Padilla gavana akampa Weber, akaapishwa Januari 2021. Hapa pana mtego wa tatu wa maneno. Kwa Kiingereza cheo hicho kina jina sawa na la waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na nimewahi kusoma tafsiri iliyomfanya Weber mwanadiplomasia. Katibu wa Jimbo ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi California. Binti wa mtu aliyekimbia Arkansas, wa ile sebule yenye masanduku, akawa ndiye mwenye sanduku la jimbo zima. Mwaka huohuo akasimamia kura ya kumng'oa gavana aliyemteua, gavana alipona. Mwaka 2022 Weber aligombea mwenyewe cheo hicho na kushinda.

Kiti chake cha bunge nacho kilikuwa wazi, na aliyekitaka ni bintiye. Akilah Weber ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na jina lake halihitaji kamusi kwa msomaji wa Kiswahili: limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa akili. Mwaka 2018 alikuwa amechaguliwa katika halmashauri ya La Mesa, mji wa watu kama 60,000 mashariki ya San Diego, unaoongozwa na meya na madiwani wanne. Ni udiwani wa muda. Mtu hulala diwani na kuamka kwenda kazini kwake kama kawaida. Akilah aliendelea kutibu wagonjwa.

Mwezi wa tano 2020 La Mesa ikawaka. Video ya kijana mweusi akikamatwa na polisi karibu na kituo cha treni ilisambaa siku zilezile George Floyd alipouawa Minneapolis. Tarehe 30 watu wakaandamana hadi kituo cha polisi, na usiku matawi mawili ya benki yakateketea. Diwani wa mji kama huo hawezi kukimbilia ofisi ya mbali. Wenye maduka yaliyovunjwa na vijana walioandamana wote anakutana nao sokoni. Baadaye halmashauri ikaunda bodi ya wakazi ya kuangalia mwenendo wa polisi. Lakini adhabu ya polisi aliyekosa, kipimo cha kutumia silaha, siri ya faili lake la kazi, hayo yote ni sheria za jimbo. Mama alikuwa ameshalijua hilo kwa upande wa shule; binti akalijua kwa upande wa polisi.

Aprili 2021 Akilah alishinda uchaguzi mdogo kwa zaidi ya nusu ya kura, bila kuhitaji duru ya pili. Kiti cha mama kikaenda kwa mwana. Tuseme ukweli: mwandishi wa Kiafrika akisoma habari kama hiyo ya nyumbani kwake angeandika "ukoo" kwa herufi kubwa, na hakuna sababu ya Wamarekani kuponyoka. Jina liliuza. Uchaguzi mdogo hufanyika upesi, wapiga kura wachache hujitokeza, na mwenye jina linalojulikana huanza mbio akiwa nusu ya njia. Hilo halimfanyi kuwa mbunge mbaya, wala halifuti kwamba alipigiwa kura. Vyote viwili ni kweli pamoja.

Mwaka 2024 Akilah, sasa Akilah Weber Pierson, alihamia seneti, na akawa mwenyekiti wa umoja wa wabunge weusi, nafasi ambayo mama yake aliwahi kuishika. Oktoba 2025 gavana alitia saini muswada wake wa kuanzisha idara ya jimbo ya wazao wa watumwa, moja ya mapendekezo yaliyotoka kwenye lile jopo la mama.

Na kile kiti cha eneo la 79 alichokiacha? Fainali ya 2024 iliwakutanisha wawili wa chama kimoja. Mmoja alikuwa Colin Parent, diwani wa La Mesa, aliyekaa halmashauri moja na Akilah. Kwa hesabu ya ngazi, zamu ilikuwa yake. Mwingine alikuwa LaShae Sharp-Collins, ambaye hakuwahi kuwa diwani; alikuwa mwalimu wa idara ileile ya chuo aliyofundisha Shirley Weber, na aliwahi kufanya kazi katika ofisi yake ya ubunge. Sharp-Collins ndiye aliyeshinda.